Ukuta Mweusi na Ulimi wa Bénit

Mpendwa mshauri wa redio, kabla ya kuomba msaada naomba msamaha, maana barua hii ilikuwa ikufikie tangu mavuno ya maharagwe, nimeiandika mara tatu na mara tatu imeishia kuwasha sigiri ya makaa, mara ya kwanza mtoto alilia, mara ya pili nililala juu ya karatasi, na mara ya tatu, nisikudanganye, niliogopa tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Bwera, nilisoma mpaka darasa la saba, mume wangu Kasereka ni fundi wa redio na tochi sokoni. Nyumba yetu ni ya udongo kama za wengine, lakini chini ya ukuta, ndani na nje, nimeizungushia mkanda mweusi unaong'aa mpaka watu wanaokwenda mpakani wanasimama kuuangalia. Siri yake ni betri za tochi zilizokufa. Kasereka anazileta nyumbani, mimi nazipasua kwa jiwe, natoa ule unga mweusi, nauchanganya na mavi ya ng'ombe na maji, napaka kwa mkono mtupu. Nilijifunza kwa jirani mmoja huko Ibanda kabla ya kuolewa, yeye alitia kijiko kimoja, mimi natia kopo, kwa sababu sijui kiasi katika jambo lolote, hata chumvi.

Wanawake walipouliza nikasema ni majivu ya maganda ya ndizi, siri ya bibi yangu wa Butembo. Bibi yangu wa Butembo alikaa nyumba ya simenti. Basi wakaniita, nikawapakia nyumba kumi na moja, na rafiki yangu Kabugho nikampa kopo zima la unga huo ampelekee dada yake kule Kyondo. Kwa usafi huo wote wakanichagua mwenyekiti wa usafi wa akina mama wa parokia, napita kwenye nyua za watu nagombeza kuhusu mifuko ya plastiki, hizi kavera, na chini ya kitanda changu mwenyewe kuna gunia la maganda ya betri yanayotoa maji ya kutu.

Sasa siku ya chanjo, sista Medius wa kituo cha afya akatuambia, "Kuna nyumba wanapaka ukuta na unga ya betri. Ile iko sumu, mutoto anaramba, inaingia." Wanawake wakaangaliana. Kabugho akasema, "Nani huyo mjinga?" Na mimi, mshauri, ndiye niliyejibu kwa sauti kuliko wote, "Watu wengine hawana akili, sista."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Bénit wangu wa miezi kumi na minne amesimama, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anauramba taratibu kama mtu anayemaliza sahani. Ulimi mweusi. Alikuwa anaharisha wiki nzima nami nasema ni meno. Nikampeleka, sista akauliza amekula nini, nikasema makaa. Akaniangalia sana, akanipa dawa, akasema nirudi baada ya siku tatu. Sijarudi.

Na mama mkwe wangu, Marie-Louise, mwezi huu anapokea wageni kutoka Kasese wanaokuja kumposa binti yake wa mwisho, Benedicte. Jumapili alinishika mkono mbele ya kanisa. "Mama Bénit, utanipakia nyumba tena. Safari hii upandishe mpaka hapa," akagusa kiuno. "Bale beko batu ba mu ville, banapenda kuangalia." Yaani watu wa mjini. Mshauri, huyu mama hakunitaka, alisema sombe yangu ya majani ya muhogo ina mchanga, na ni kweli ilikuwa na mchanga. Ukuta ndio uliompa sababu ya kuniita binti yake. Nikimwambia ukweli narudi kuwa yule wa mchanga. Nisipomwambia, wajukuu zake wengine wanalala mle ndani.

Naomba uniambie: nimpakie mara hii moja ya mwisho halafu niache? Nifute ukuta wangu kimyakimya na wengine wafute watakaposikia redioni? Na lile gunia nilitumbukize chooni, nilichome, au nimwachie mto Lhubiriha ukijaa? Mambo hayo matatu tu.

Mama Bénit, Bwera

JIBU

Mama Bénit, pole kwa uchovu. Nimecheka kwa bibi wa simenti, halafu nilipofika kwa ulimi wa mtoto nikaacha.

Hujaniuliza kuhusu Bénit, nami naanza naye. Kesho asubuhi, kabla ya kufua, mrudishe kwa sista Medius. Chukua betri moja ndani ya mfuko, iweke mezani kwake, sema, "Hiki ndicho anachoramba, na nilikudanganya." Sista hawezi kutibu makaa ambayo mtoto hakula. Atakugombeza, wewe vumilia. Wewe unagombeza watu kwa kavera.

Mama mkwe usimpakie, hata kidole kimoja. Mwambie wewe mwenyewe, nyumbani kwake, mchana, kabla hajasikia kwa jirani. Binti anayepakwa ukutani anabanduka mvua ikinyesha. Halafu nenda nyumba zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Hapana, redio haitakufanyia kazi hiyo. Hao watoto hawasikilizi redio, wanaramba.

Ukuta usiukwangue mkavu, vumbi lile utalivuta wewe. Watoto wapelekwe kwa jirani. Lowesha kwanza, funga kitambaa puani na mdomoni, vaa glavu, kwangua, udongo wote uingie kwenye gunia jingine na si kwenye shamba la maharagwe. Kisha piga udongo mpya juu. Ukitaka weusi, twanga makaa ya kupikia, changanya na udongo wa mfinyanzi. Hautang'aa. Nyumba si kiatu.

Lile gunia: choo hapana, shimo linavuja chini kwa chini mpaka kwenye maji ya watu. Moto hapana, betri zinalipuka na moshi wake ni mbaya. Mto ndio hapana kabisa, walio chini wanakunywa. Litoe chini ya kitanda leo. Betri ziingie kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, mahali pa juu, mpaka ofisa wa mazingira wa wilaya akuonyeshe pa kuzipeleka pamoja na udongo ule. Na Kasereka aweke ndoo yake dukani. Wewe unazipasua, lakini hazikuja nyumbani kwa miguu yao.

BAADA YA WIKI TATU AMEANDIKA TENA

Mshauri, safari hii sikuchelewa. Sista alinigombeza kama afande, akamtuma Bénit hospitali kupimwa damu, tunangoja majibu. Kuhara kumepungua, anakula, sijatulia.

Kwa mama mkwe nilikaa mkekani nikasema yote. Akauliza, "Uliogopa miye kuliko sumu?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akasema, "Ah. Basi na miye niko na makosa," akaingia ndani, akatoka na jembe. Wageni wa Benedicte walipokelewa na ukuta wenye mabaka kama ng'ombe, na posa ilipokelewa.

Nyumba tisa zimekwanguliwa. Mbili bado, wenyewe wanasema nawaonea wivu. Kabugho hakunisalimia Jumapili mbili, ya tatu akaja na toroli kubeba magunia ya udongo, akasema, "Mjinga mwenyewe ndiye huyu," tukafanya kazi.

Ninachohitaji bado, kama wewe au msikilizaji anaweza kutuma: ndoo tatu zenye kifuniko kinachobana, kwa sababu akina mama sasa wananiletea betri zao zote. Jina na simu ya ofisa anayepokea betri kweli, wa kwanza aliniambia nije wiki ijayo na wiki ijayo hakuwepo. Maneno machache ya onyo kwa Lhukonzo, lugha ya kule, uyasome hewani kwa ajili ya Kyondo, maana lile kopo dada yake Kabugho aliwagawia majirani na sisi hatujui ni akina nani, na usome jina langu, Yvette, wajue ni unga wa nani. Na glavu za mpira pea nane, saba za kawaida na moja ndogo, mikono ya mama mkwe ni midogo, zile kubwa zinamtoka akikwangua.