Gitaa Langu Si Benchi la Wateja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo umepunguza kuuma tangu uache kunyanyua mbao peke yako. Mama je, hajambo? Sisi huku tunashukuru. Mjukuu wako ameota jino la pili, anang'ata kila kinachopita karibu, mimi mama yake nikiwemo. Baba yake anakusalimu sana.

Baba, nimechoshwa na watu. Lile gitaa ulilonitengenezea huwa naenda nalo kazini, pale kwa dobi ninapopiga pasi, maana wateja wakipungua hulipiga kidogo mtoto apate usingizi. Nimelitundika kwenye msumari juu ya rafu ya mashati, mbali na mvuke. Lakini mteja akiambiwa asubiri suruali yake, macho hupanda juu na mkono ukafuata. Hata jina langu hajaniuliza, gitaa limeshashuka. Mmoja alilipiga huku anakula karanga. Mwingine alimpa mwanawe alichape makofi kama ngoma. Nikisema, naambiwa nina mkono wa birika, eti chombo cha muziki ni cha watu wote. Mswaki wao je, nao ni wa watu wote?

Na wote wakishaligusa wananiambia limeharibika. Nimewaeleza mpaka koo limekauka kwamba mimi ni mashoto, na baba yangu alilifunga nyuzi kinyume, uzi mnene ukakaa mahali pa mwembamba, ili nilishike kwa upande wangu. Wanacheka tu.

Sasa sikia la Ijumaa. Kuna mteja mmoja tunamwita Najua, kwa sababu ukimwambia lolote anakujibu najua. Nilikuwa nyuma ya pazia namnyonyesha mtoto, nikasikia krii, krii, nikadhani ni cherehani ya jirani. Kutoka, namkuta amekaa juu ya meza yangu ya pasi, amezifungua nyuzi zote na kuzipanga upya! Akaniambia hata nisihangaike kumshukuru, kwamba aliyenifungia alikuwa kipofu au mlevi, na yeye amelinyoosha bure. Baba, aliyetukanwa ni wewe. Tena kile kipande cha mfupa ulichochonga pale shingoni kushika nyuzi, alisukumia uzi mnene kwenye kijia chembamba mpaka kikamomonyoka, na uzi mwembamba kuliko zote akaukata.

Nikamwuliza kama kwao mtu huingia jikoni kwa mwenzake akajipakulia. Akasema najua, najua, lakini alikuwa anasaidia. Mwenye duka, mama mtu mzima aliyezoea kuwabembeleza wateja, akanivuta kando akanikumbusha kuwa mteja ni mfalme. Nikamwambia basi mfalme achukue suruali yake na mikunjo yake. Nikampa hivyo hivyo, haijaguswa na pasi.

Utashangaa hasira zote hizo zilitoka wapi. Baba, hapa ndipo ninapopazunguka tangu nianze kuandika. Kesho yake nilikuwa nimeitwa kupiga mbele ya bendi moja inayotafuta mpiga gitaa. Ulisema gitaa hili ni la nyumbani, na mwanamke mwenye mtoto hana shughuli jukwaani. Nilikwenda.

Nilizirudisha nyuzi tano zilizobaki, nikaziba palipomomonyoka kwa kijiti cha kiberiti, nikambeba mtoto mgongoni. Kufika tu, kiongozi wao akanyoosha mkono alichukue aonje sauti yake. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikalivuta kifuani, nikamwambia kwa heshima zote kwamba hili halishikwi bila kuombwa, na hata likiombwa leo jibu ni hapana, kwa kuwa ni gonjwa na mimi ndiye ninayejua linapouma. Mpiga ngoma akakohoa. Nikasema moyoni, basi, kazi imeota mbawa. Yule kiongozi akarudisha mkono mfukoni, akaniomba radhi, akasema nipige mwenyewe. Nikapiga. Mtoto naye akaamka akalia, nikapiga hivyo hivyo juu ya kilio chake.

Wamenichukua, baba. Naanza mwezi ujao, na mazoezi ni jioni.

Sikutaka uambiwe na watu wa njiani. Ukikasirika, niandikie mimi, usimwandikie mume wangu. Yeye alijua tangu mwanzo na alinipigia pasi gauni. Lakini kuacha, siachi. Kila siku nanyoosha nguo za watu wenye mahali pa kwenda. Na mimi sasa ninapo. Nipe radhi zako, na kama moyo utakuruhusu, mruhusu mama aje akae nasi kidogo amlee mjukuu wake wakati wa mazoezi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mama umwambie namsubiri.

Ni mimi kitindamimba wako.