Za Kura, Mwanangu

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Vita vimekwisha. Wenzako wa mgambo wamerudi hapa Mbuba, wengine wakichechemea, na kijiji kikawapigia ngoma. Mama alijifungia ndani. Kaburi lako hatujui liko wapi huko Uganda, kwa hiyo barua hii sijui hata pa kuipeleka.

Nina jambo, Baba. Nimelibeba tangu mavuno na limenishinda.

Unakumbuka asubuhi ile ya lori la mgambo la kwenda Biharamulo? Kijiji kilikuwa kinauza hisa za mashine ya kusaga, nawe ukaniachia pesa ya mbuzi wetu watatu ninunue, maana mimi ndiye niliyemaliza darasa la saba. Katibu alitangaza aina mbili. Za gawio, mwenye nazo anapewa unga na chumvi kila mashine ikipata faida. Za kura, mwenye nazo anachagua kamati na kuamua mambo ya mashine, basi. Kuchanganya hakuna. Nilikimbia kando ya lori nikakuuliza tuchukue zipi. Ukapaza sauti, "Za kura, mwanangu! Za kura!"

Nikaenda nikachukua za kura.

Mimi! Mimi niliyekusahihisha tangu darasa la pili. "Baba, si kura ugari, ni kula ugali." Ulikuwa unacheka mpaka machozi, unasema, "Mwarimu amerudi nyumbani." Siku moja nilikukosoa mbele ya wageni. Hukucheka. Ulitazama chini, nami nikaapa sitakukosoa tena. Basi siku ya lori nikakusikia vile vile ulivyotamka, kwa heshima. Jamani, heshima gani ile!

Gawio la kwanza lilipotoka, majirani walipita na madebe ya unga kichwani. Sisi hatukuitwa. Mama akaniuliza imekuwaje, nikamjibu ndivyo Baba alivyotaka. Akashika kichwa. Kumbe siku mlipokuwa mnapalilia migomba ulimweleza kwa Kihangaza, na Kihangaza hakina utata: kurya. Kula. Watoto wapate kula.

Na ulikuwa umeshanifundisha! "Ng'ombe haurizwi pembe, huurizwa maziwa." Ulisema hivyo tukirudi mnadani, umenishika bega. Masikio yangu yalikuwa ya nini?

Nilimwendea katibu nikamwomba abadilishe. Akasema kilichoandikwa kwa wino kimeandikwa. Sasa njiani wananiita Bi Kura. "Bi Kura, reo mnakura nini?" Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia. Mama analima vibarua kwenye mashamba ya watu apate mkungu wa ndizi. Wadogo zangu wawili wanalalia uji, na siku nyingine hata huo hakuna. Hawanilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Halafu dizeli ikaadimika, mashine ikanyamaza. Juzi tukaitwa mkutanoni, wenye kura tu: iuzwe au isiuzwe? Nilinyoosha mkono isiuzwe, nikaunyoosha mpaka bega likauma. Tulikuwa wanne. Itauzwa, na pesa yake watagawana wenye za gawio. Sisi wa kura, kasema katibu, kazi yetu tumeimaliza.

Ndiyo hivyo, Baba. Kwa mbuzi wako watatu nimenunua mkono wa kunyoosha.

Sina ahadi kubwa. Kesho nashika jembe, naenda vibarua na Mama, ili wadogo zangu wale. Nitafanya hivyo mpaka wakue. Kuhusu kusamehewa sikuulizi, maana jibu lako ningelisikia vibaya pia.

Ila neno lako sitalisahihisha tena, na hili la mwisho nimeliandika kama ulivyokuwa ukituambia kila jioni ukifunga mlango.

Rara sarama, Baba.

Mwarimu wako