Ugonjwa wa Zaina Haumo Kikombeni

Bibi yetu, uliye mkubwa kuliko wote walioketi hapo, shikamoo. Baba Mkubwa, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wetu, shikamoo. Baba na Mama mlionizaa, shikamooni. Shangazi, shikamoo. Shemeji Rajabu, mume wa mdogo wangu, habari za siku nyingi. Nawe ndugu yangu Saidi, mwalimu, unayeisoma barua hii kwa sauti na kumtafsiria Bibi kwa Kizigua, pokea salamu zangu.

Nimemtaja kila mtu isipokuwa Zaina. Kama ameketi mkekani pamoja nanyi, mdogo wangu, nakusalimu. Kama yuko upande wa jikoni, Saidi, naomba usisome mstari unaofuata mpaka aitwe na akae.

Ahsanteni.

Natumaini goti la Bibi limepata nafuu na kwamba mahindi ya shamba letu la Magoma hayakukosa mvua ya pili. Mimi ni mzima. Huku ng'ambo ni majira ya baridi. Naenda kazini kungali giza na narudi giza limekwisha kuingia. Nakula, nalala, naamka. Juu ya afya yangu sina zaidi la kusimulia.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu Baba aniandikie: "Mwanangu, watu wananiuliza unafanya kazi gani huko, nami nawajibu anapima damu. Nipe maneno ya kuwaambia." Nilimjibu kwa kurasa mbili. Nilieleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na kwamba chembe hizo hupashana habari. Hutoa vifurushi vidogo, kitaalamu eksosomu, ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Ndani yake mna maagizo, na chembe nyingine hupokea maagizo hayo na kuyatenda. Zamani wataalamu walidhani ni taka tu, kama makapi ya mkonge yaliyokuwa yakimwagwa nje ya korona, kiwanda cha kuchakatia mkonge, pale Mazinde, Baba, enzi za kazi yako. Kisha nikaandika kwamba chembe za kansa hutoa vifurushi vingi kupita chembe nyingine, kwamba vinasafiri, na kwamba vikifika mahali pengine huuandalia ugonjwa makao.

Barua hiyo ilisomwa mbele yenu kama zisomwavyo barua zangu zote. Wakati huo Zaina alikuwa ametoka hospitali ya mjini, amekatwa titi la kushoto, ametundikiwa dozi ya kwanza ya dawa, na amepewa tarehe ya kurudi kwa dozi ya pili.

Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye simu iliyo ukumbini, kazini kwetu. Alikuwa Zaina, kutoka kibanda cha simu Korogwe.

"Dada, shikamoo. Siku hizi nakula peke yangu kama mkuu wa wilaya."

"Marahaba. Kwa nini peke yako?"

"Nina sahani yangu na kikombe changu. Kikombe wamekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, asije mtu akakosea. Hata mbuzi wa mnadani hatiwi alama namna hii." Akacheka. "Mtoto yuko kwa Shangazi kule Mkata. Rajabu analala kwa kaka yake."

"Nani kaamua hivyo?"

"Wewe."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Barua yako, Dada. Baba Mkubwa alisema, 'Msomi wetu kaona kwa hadubini kwamba vinasafiri. Nani hapa atabishana na hadubini?' Ningesema nini, mtu wa darasa la saba?"

"Na dozi ya pili?"

"Tarehe imepita. Wodi haimpokei mtu asiye na ndugu wa kumuuguza. Nani atakaa bega kwa bega na mimi kwenye basi kutwa nzima? Haya, mwenye kibanda ananitolea macho. Kaa salama."

Niliweka simu mahali pake. Nilirudi mezani nikaendelea kugawa maji ya damu katika mirija. Saa ya chakula ilipofika nikala. Tangu siku ile nasubiri nilie, na kilio hakiji. Naitazama habari hii kama mtu anayemtazama jirani akihamisha vyombo vyake. Wenzangu hawajaona tofauti yoyote. Naliandika hili ili msije mkadhani utulivu wa barua hii ni utulivu wa moyo.

Sasa nasahihisha, na nasahihisha kwa barua kwa sababu neno lililosomwa mbele ya ukoo halifutwi kwa simu.

Vifurushi nilivyoviandika husafiri ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe: kutoka titi lake kwenda ini lake, pafu lake, mfupa wake. Havimtoki yeye vikampa kansa mumewe, wala mtoto, wala anayenywea kikombe chake. Sitawaficha kwamba vifurushi vya namna hiyo huonekana hata katika mate. Ni kweli. Viko katika mate ya Zaina, na viko katika mate ya kila mmoja wenu hapo alipo, kwa sababu chembe nzima nazo hupashana habari. Mimi nafanya kazi na chembe za kansa kila siku, na mikono yangu ni mizima. Hata hilo la kuandaa makao niliandika kana kwamba limethibitishwa. Mkuu wangu wa kazi analikisia tu, nasi bado tunalitafuta.

Sentensi moja ilihitajika katika ile barua: kansa haiambukizi. Sikuiandika, kwa sababu huku nilipo hakuna anayeihitaji, nami nimekaa huku muda mrefu kiasi cha kusahau ni nani ninayemwandikia. Baba Mkubwa, hukukosea, ulitii ulichosomewa. Shemeji, hukumkimbia mkeo, uliniamini mimi. Shangazi, mtoto ulimchukua kwa huruma. Kama umekuja naye, mlete amwone mama yake kabla hajasafiri.

Nimezungumza kwa simu na daktari wa wodi ya Zaina. Anasema nafasi ya Zaina bado ipo, ila kila wiki inayopita inapunguza faida ya dozi ile ya kwanza. Nilimuuliza kama atapona. Alijibu kwamba hajui. Nami sijui, wala sitaki mtu yeyote hapo amwambie Zaina kwamba mimi najua.

Nisalimieni imamu wa msikiti wetu, yule mama anayetukopesha mafuta ya taa, na mkunga aliyetuzalisha sote wawili, mimi na Zaina. Mwambieni jina lake bado nalitaja katika dua.

Na sasa uamuzi. Maneno yangu mliyafanya sheria bila mimi kujua. Haya ya leo yafanyeni sheria nikijua. Asubuhi ya kesho, baada ya usiku wa kusomwa barua hii, Zaina anapanda basi kwenda hospitali, wala hapandi peke yake. Mtu wa kwenda naye sikumteua, maana aliyeteuliwa na barua ataketi mbali naye kiti kimoja. Msiinuke hapo mkekani kabla mmoja wenu hajajitaja kwa kinywa chake mwenyewe, Zaina akisikia. Saidi, akishajitaja, andika jina lake kwa kalamu ya wino katika nafasi niliyoiacha chini ya jina langu.

Ni mimi mtoto wenu wa kwanza,
Mwajuma

Atakayekwenda na Zaina: ..............................