Mchumba Hakuchanjwa

Jumatatu, 3 Machi, mchana

Shikamoo Mama Mdogo,

Natumai hujambo na zamu za wodini hazikuchoshi sana. Huku Bibi hayuko sawa, na kosa ni langu. Naandika kwa sababu nikikupigia nitalia tu, na Bibi yuko hapa sebuleni ananitazama.

Asubuhi Mchumba amemng'ata mkono. Unamjua mbwa huyu, hajawahi kumkoromea hata kuku. Tangu juzi amejificha chini ya meza, hanywi maji, mate yanamtoka. Bibi alikuwa anamsogezea bakuli. Nikamwambia twende hospitali, akacheka: "Ya nini? Si amechanjwa? Wewe mwenyewe ulimpeleka."

Mama Mdogo, nilimpeleka, nikarudi naye vilevile. Siku ya chanjo ya mbwa na paka, karani alitaka kila mtu ataje jina la mnyama wake kwa sauti. Mbele yangu walisimama wavulana niliomaliza nao shule. Bibi alimpa jina lile kwa utani Babu alipofariki, lakini mimi ningesemaje mbele yao, "Huyu ni Mchumba"? Nikageuka. Nyumbani nikasema tayari.

Nifanyeje?

Mwanao

Jumatatu, 3 Machi, saa nane

Marahaba mwanangu,

Salamu nyingine baadaye. Mwoshe Bibi jeraha sasa hivi, sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, hata akilalamika. Kisha hospitali, leo hii. Mbwa mfungieni stoo bila kumgusa, mwite daktari wa mifugo. Hata mbwa aliyechanjwa aking'ata, jeraha huonyeshwa daktari, sembuse huyu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu, hakuna wa kukirudisha. Sindano zikiwahi, zinakizuia.

Na mwambie ukweli. Nimempigia, amenikatia: "Mbwa amechanjwa, acheni kunizeesha." Bila ukweli hatainuka kwenye kile kiti.

Nijibu.

Mama Mdogo

Jumanne, 4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Bibi je? Simu yako imezimwa, yake inaita tu. Sijakasirika. Hata nikikasirika, itakuwa wiki ijayo. Leo niambie neno moja: mmekwenda?

Mama Mdogo

Jumatano, 5 Machi

Shikamoo Mama Mdogo,

Nisamehe, simu niliizima mwenyewe. Niliogopa utaniuliza kabla sijasema. Jeraha nilimwosha siku ileile, ila kusema kulinishinda mpaka jana asubuhi, akiwa anakunja shuka. Hakunitukana. Alikaa kitandani, akaangalia mkono, akauliza, "Na mimi nimemwambia kila mtu amechanjwa?" Kisha akatafuta kitambaa chake, tukaenda. Amechomwa sindano ya kwanza na nyingine kuzunguka jeraha, na zilizobaki wamempangia tarehe. Tangu hapo hakunisemesha.

Mchumba alikufa jana jioni. Daktari wa mifugo amechukua vipimo, lakini alisema tusisubiri majibu, tumtafute kila aliyeng'atwa au kukwaruzwa. Mtaa mzima uliamini maneno ya Bibi. Kwa hiyo leo nimegonga milango nikisema, "Mbwa wetu hakuchanjwa. Nilidanganya." Mlango wa kwanza nilisema kwa kunong'ona, ikabidi nirudie. Mwenye duka alinifokea mbele ya wateja.

Fundi cherehani alinisikiliza na pini zake mdomoni, kisha akamwita binti yake, akampandisha suruali. Kifundoni palikuwa na alama mbili za meno, za Ijumaa.

"Tulidhani ni mchezo," alisema. "Si bibi yako alisema yuko salama?"

Hapo nikasikia sauti ya Bibi nyuma yangu. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, ingawa leo si siku yake ya sindano.

"Mwoshe mtoto kwa sabuni, vizuri," alimwambia fundi. "Halafu twende hospitali, dirisha la kuandikishia nitakuonyesha mimi." Akanigeukia. "Na wewe, umebakiza nyumba ngapi?"

Tatu, Mama Mdogo. Ndiyo naelekea.

Mwanao