Kura Sitini na Nne

Cutler Springs, Arkansas
8 Septemba 2022

Mwanangu Rhoda,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na Tess hamjambo, na baridi ya Minnesota haijaanza vituko vyake. Sisi tunasukuma siku. Masikio yangu na simu hayaelewani tena, ndiyo maana nashika kalamu. Mama yako anakula vizuri, ila jina langu humtoka siku nzima. Lako halijamtoka.

Picha ya harusi imefika. Nilikaa nayo mfukoni siku tatu kabla ya kumwonyesha. Aliitazama sana, akauliza, "Na huyu mwenye gauni la kijani?" Nikamwambia ndiye Tess. Akasema, "Ana uso wa mtu anayepika." Basi, mama yako kamaliza.

Wengine hawajamaliza. Mji mzima unajua kwamba binti wa Mchungaji Stamper aliyestaafu, naye mchungaji, ameoana na mwanamke na askofu wake kamruhusu abaki kwenye mimbari. Dwight Lomax, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, alinikuta dukani nanunua chakula cha kuku. "Mchungaji," akasema, "sina ubaya na Rhoda. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha trekta. Lakini dhehebu likishindwa kusema hapana, sisi tunaondoka." Mwezi wa kumi na moja tutapiga kura, kubaki au kujitoa. Zinatakiwa theluthi mbili. Wakizipata, jengo na makaburi vinakwenda nao.

Msimamo wangu kuhusu ndoa yako unaujua, nilikwambia uso kwa uso, sitaurudia. Nimekuandikia tu ili usiyasikie kwa wengine.

Mama anakusalimu.

Baba yako

*

Duluth, Minnesota
21 Septemba 2022

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Tess anasema amefurahi kusifiwa, ingawa hajui hata kuchemsha yai.

Sikuombi ubadilishe msimamo. Miaka arobaini na sita nimekuwa binti yako, najua ulivyo. Nakuomba jambo moja. Mama, akili zake zikiwa bado timamu, alinishika mkono pale jikoni akasema, "Wewe ndiye utakayenizika. Sitaki mgeni asome jina langu kwenye karatasi." Ulikuwepo, unavunja karanga. Ulisema, "Amina."

Kanisa likijitoa, sheria zao mpya hazitaniruhusu kusimama madhabahuni, hata kwa mazishi. Piga kura ya kubaki, Baba. Si kwa ajili yangu na Tess. Kwa ajili ya ile amina.

Mbusu Mama.

Mwanao,
Rhoda

*

Cutler Springs
29 Novemba 2022

Mwanangu Rhoda,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku hatujambo kiasi. Mama yako alianguka bafuni wiki iliyopita, akachubuka kiwiko, hakuvunjika.

Kura imepigwa Jumapili baada ya ibada. Tulikuwa tisini na watano. Sitini na wanne wamesema tuondoke, thelathini na mmoja tubaki. Norma Lomax alilia. Mzee Cleon Yates alichukua kofia yake akatoka, na kiti chake amekalia miaka sitini.

Wewe hesabu unaijua kuliko mimi. Wangekuwa sitini na watatu, isingefika.

Nilikuwa mmoja wa wale sitini na wanne.

Nilikwenda na barua yako kwenye koti. Kisha nikawatazama. Norma humwogesha mama yako Jumatatu na Alhamisi. Dwight alitengeneza paa bila kuambiwa. Akina Purcell huleta kuku na matonge ya unga kila Ijumaa. Wote walikuwa upande ule, Rhoda, wananitazama. Kura ilikuwa ya siri, lakini mimi nilijua nisingeweza kurudi nyumbani na siri hiyo halafu nimfungulie Norma mlango. Nina miaka themanini na mitatu. Peke yangu siwezi hata kumgeuza kitandani.

Na pia naamini nilichokihubiri. Nisingekuwa mkweli nikisema ilikuwa woga tu.

Nijibu, hata kwa ukali.

Baba yako

*

Duluth
17 Januari 2023

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje?

Nimeanza barua hii mara nyingi. Tess ananiambia niandike chochote, basi naandika swali. Wakati wake ukifika, utamwomba Dwight waniruhusu?

Rhoda

*

Cutler Springs
2 Februari 2023

Mwanangu,

Hatujambo, ila Mama sasa anakula vijiko viwili vitatu tu.

Nimemwomba Dwight. Akasema, "Mchungaji, tumeondoka kwa sababu hiyo hiyo. Nikimruhusu, tuliondoka kwa nini?" Siku ya mazishi unakaribishwa kuketi na familia. Tess pia, lakini Dwight ameomba akae nyuma kidogo.

Njoo umwone angali hai.

Baba

*

Cutler Springs
24 Aprili 2023

Mwanangu Rhoda,

Natumaini mlifika salama. Siku ya mazishi mlikwenda kabla ya chakula, sikupata kuwaaga.

Asante kwa zile siku tisa ulizomuuguza. Norma anasema hajaona mtu akimbadilisha mgonjwa shuka kwa upole ule.

Nataka ujue kwamba niliona. Yule mchungaji mpya alipomwita mama yako Imelda, si Imogene, mara ya kwanza ukainua kichwa. Mara ya pili ulitaka kusimama, nikakushika mkono nikakukalisha. Nilidhani nakutuliza. Baadaye ndipo nilipoelewa nilichokuzuia. Nawe ulinyanyuka, ukaenda kuketi nyuma na Tess, nikabaki peke yangu kwenye benchi la mbele.

Niandikie.

Baba yako

*

Cutler Springs
19 Oktoba 2023

Mwanangu Rhoda,

Salamu. Natumaini nyote wawili mna afya. Mimi magoti yananisumbua, mengine ni uzee.

Hii ni barua ya nne tangu mazishi. Cleon na wenzake waliotaka kubaki husali kwenye ukumbi wa zimamoto. Nilikwenda mara moja, wakanipokea kwa adabu, hakuna aliyekaa karibu yangu. Kwetu tumebaki hamsini, na tayari wanagombana juu ya mambo mengine. Akina Purcell wamehamia kanisa la mjini. Norma hana tena mtu wa kumwogesha hapa, kwa hiyo haji.

Nimejiuliza, ningerudishiwa ile karatasi ya kura, ningeweka alama wapi. Ningependa kukwambia ningebadilisha. Kuna siku naamka na uhakika, nikifika kwenye chai umekwisha. Sitakudanganya ili unijibu.

Huwa namngoja Delphine wa posta barazani. Zamani alikuwa akisimamisha gari, tukaongea kidogo. Siku hizi, akiwa bado mbali barabarani, ananitikisia kichwa kwamba hakuna barua, ili nisijisumbue kushuka ngazi.

Baba yako