Ile Pointi ya Mwisho

Dada Kamene,

Wimuseo? Habari za hapo Mbumbuni, na mgongo wa baba unaendeleaje? Juzi kwa simu ulikuwa unakohoa, ukasema ni vumbi la kupepeta ndengu. Natumaini umepona. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya hapa Uingereza bado tunagombana nayo kila asubuhi. Leo nimeamua kukuandikia kwenye karatasi, kwa sababu nikikupigia simu nitaanza kuzunguka zunguka na kuishia kuuliza habari ya mbuzi.

Unajua kazi yangu ni kumtunza mama mzee, Bi Dorothy, nyumbani kwake. Miguu imemkataa, anakaa kwenye kiti cha magurudumu, lakini akili yake ni kali kuliko yangu. Usichana wake wote alicheza badminton, ule mchezo wa raketi na kampira kenye manyoya, na mwaka mmoja akawa bingwa wa mashindano makubwa ambayo wachezaji hutoka nchi nyingi kuja kushindana. Picha yake akiwa na kikombe iko sebuleni. Ajabu ni kwamba haiangalii. Nikiipanguza vumbi, yeye hugeukia dirisha.

Mwezi uliopita alipata barua. Mabingwa wote wa zamani walikuwa wanaalikwa siku ya fainali, watambulishwe mbele ya watu. Nilifurahi kuliko yeye, nikaanza kutafuta gauni la kupiga pasi. Yeye akaikunja barua, akasema, "Mwikali, ile pointi ya mwisho haikuwa yangu."

Akanieleza. Fainali alicheza na msichana wa Denmark anayeitwa Karin, wametoshana nguvu kabisa. Bi Dorothy akapiga kampira mpaka nyuma kabisa upande wa mwenzake, akakaona kwa macho yake kakianguka nje ya mstari. Mwamuzi akasema kameingia. Ukumbi wote ukalipuka kwa makofi. "Ningeinua mkono tu," akaniambia. "Mkono mmoja. Sikuinua."

Mwanawe, Peter, anaijua hadithi hiyo na haipendi hata kidogo. Siku ya kwenda alinivuta kando jikoni. "Akianza mambo ya ile pointi, mrudishe kwenye gari mara moja. Sitaki mama yangu aaibike. Tumeelewana?" Nikasema ndiyo. Ni yeye aliyeniandika kazi, dada. Ningesema nini?

Huko ukumbini waliwapanga mabingwa mstari mmoja, wengine na mikongojo, mmoja ameshikwa na mjukuu wake. Kila jina likitajwa watu wanashangilia. Bi Dorothy alipoitwa hakupunga mkono. Macho yake yalikuwa yanapita viti safu kwa safu. Waliokuwa wa pili hawakualikwa, lakini yeye aliamini Karin atakuja.

Na alikuwa amekuja, kwa tikiti aliyojinunulia. Tulimkuta baadaye kwenye korido ya chai, mama mrefu, nywele nyeupe fupi, kikombe mkononi.

"Ni yule," Bi Dorothy akasema. "Nipeleke."

Nilipogeuka nilimwona Peter mlangoni, ananionyesha kwa kidole upande wa magari. Nilifikiria kazi, nikafikiria kibali changu cha kukaa hapa. Halafu nikakisukuma kiti kwenda kwa yule mama.

Bi Dorothy hata hakusalimia. "Karin, kalianguka nje."

Yule mama akaweka kikombe chini polepole. "Najua. Nilikuwa nimesimama hapo hapo."

"Mbona hukulalamika?"

"Kwa nani? Mwamuzi alishaamua. Nilikutazama wewe, nikangoja." Akavuta kiti, akakaa wakalingana uso kwa uso. "Nimekukasirikia miaka mingi, Dorothy. Mwishowe nikachoka kukasirika. Lakini kungoja sikuacha."

Bi Dorothy alilia bila sauti. Karin akampa leso, akamshika mkono, na baada ya muda nikawasikia wanabishana juu ya mechi nyingine kabisa, wanacheka kama wasichana.

Peter hakunisemesha siku mbili. Nilishaanza kukunja nguo zangu. Siku ya tatu alikuja jikoni akauliza, "Yule mama alimwambia nini?" Nikamweleza neno kwa neno. Alisimama pale mpaka chai yake ikapoa, akasema asante, akaondoka. Kazi bado ninayo.

Sasa, dada, nifike kwenye jambo langu. Unakumbuka ule mwaka wa kiangazi, tangi letu la maji lilipomwagika lote usiku mmoja? Baba alisema mtu asiyeweza kufunga mfereji hawezi kuaminiwa na karo, akakuweka nyumbani muhula mzima ukichota maji mtoni na punda. Wenzako wakakutangulia darasa. Mimi nilikuwa nakupita njiani asubuhi nikiwa na sare ya shule.

Ni mimi niliyeacha ule mfereji wazi. Nilikuwa nimeosha miguu, nikaitwa kula, nikasahau. Baba alipouliza, wewe uliniangalia. Nilifikiri unaniangalia tu kama dada anavyoangalia mdogo wake. Tangu siku ile ya Karin sina hakika tena. Kama ulijua, ulinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikakuachia mzigo huo miaka yote hii. Nisamehe, Kamene. Sisemi usamehe leo. Kasirika kwanza, una haki.

Nisalimie shemeji, na binti yako aliye sekondari kule Tawa. Mwambie akaze masomo. Shangazi wa Kalamba mwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika. Baba pia msalimie sana, lakini habari ya mfereji usimwambie. Nikija Desemba nitamwambia kwa mdomo wangu, na wewe uwe umekaa hapo ukisikia.

Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Mwikali