Kibuyu cha Rubisi Kilichorudi Kimejaa

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo ni siku ya tatu ya likizo yangu. Nimekaa kibanjani, kati ya migomba, karibu na kaburi lako, nikacheka peke yangu mpaka Mama akachungulia dirishani. Nimekumbuka likizo yako ya kwanza.

Ulifika Muleba mchana wa siku ya kazi, na blanketi lako na sufuria yako. Mama akaacha kumenya ndizi. "Wamekufukuza?"

"Karani wa kiwanda kasema nipumzike wiki mbili, mshahara uko palepale."

Hakuna aliyeamini, na wewe ulikuwa wa kwanza kutoamini. Miaka yote kwenye kiwanda cha kahawa Bukoba, siku isiyotiwa alama kwenye kipande chako, ile kadi ya kazi, haikulipwa. Nani alipwe amelala kwake? Niliogopa, Tata. Kazi yako ikiisha, na shule yangu imekwisha.

Basi ukafanya ulivyozoea kumfanyia mwenye ardhi, anayepelekewa pombe ili asikuhamishe. Ulikamua ndizi, ukasubiri rubisi, pombe yetu ya ndizi, ichachuke, ukajaza kibuyu kikubwa na kutembea siku mbili hadi mjini kumwomba karani asikuondoe. Likizo ya watu wengine ni kupumzika, yako ilikuwa ya kuvimba miguu.

Ukarudi na kibuyu kimejaa vilevile. Hapo ndipo Mama alipokaa chini, maana pombe ikikataliwa, mambo yameharibika.

"Amekataa," ulisema, ukavua kofia polepole. "Kasema, 'Mzee, hii ni sheria. Bwana mwenye kiwanda hawezi kukulipa chini ya kiwango kilichowekwa, wala kukunyima mapumziko yako. Hii kanywe na majirani.'"

"Wewe baba Koku," Mama akasema, "si ungeanza na hilo?" Kisha akalia, nami nikalia, na majirani wakaja kunywa. Sijawahi kuona nyumba yetu ikipumua vile.

Sasa nachambua kahawa kwenye kiwanda kilekile. Wiki iliyopita karani mpya alinipa karatasi ya likizo. Nikatia sahihi, nikasema asante, nikapanda lori. Njia nzima nilikuwa naangalia mikono yangu, Tata. Sikuwa nimembebea mtu kitu.

Pumzika sasa. Hakuna wa kumwomba ruhusa.

Binti yako uliyemsomesha,
Koku